Zamu Aliyoichagua Lorna Stidham

Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Ilikuwa na visanduku vitatu, kila kimoja cha mwezi wake: Julai, Agosti, Septemba. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari alitakiwa aandike mwenyewe angependa kufanya kazi wapi katika miezi hiyo, na chini ya nani, kabla hajapeleka maombi ya kusomea ubingwa. Wengine waliijaza wakiwa wamesimama kwenye foleni ya kahawa. Lorna Stidham alikaa nayo wiki mbili, hadi mshauri wa wanafunzi, Dk. Phyllis Marchetti, akamwita ofisini.

"Lorna, karatasi yangu iko wapi?"

"Nimekwama kwenye Agosti, Daktari."

Dk. Marchetti alikuwa mwanamke wa kauli fupi, asiyependa kuzungushwa. Akainyoosha fomu mezani akaisoma. Julai: wodi ya tiba ya familia, hospitali kubwa ya mjini. Septemba: wodi ya wazazi. Pale Agosti karatasi ilikuwa imefutwafutwa hadi imeota manyoya.

"Unaomba ubingwa wa tiba ya familia. Sawa. Julai umefanya vizuri, maana hao ndio unaotaka wakuchukue, basi wakuone ukihenyeka. Septemba nayo vizuri. Daktari wa familia wa milimani asipojua kuzalisha, atafanya nini? Agosti nenda mji mwingine wenye wanafunzi wa ubingwa, nao wakuone. Alama zako si mbaya, Lorna, lakini hakuna mtu atakayeruka kitini akiziona. Wewe utabebwa na barua. Barua tatu, za watu wanaojulikana."

"Nataka kwenda kwetu milimani. Briar Lick. Kuna daktari pale, anaitwa Hargis."

"Simjui."

"Hakuna anayemjua."

"Basi barua yake haitakusaidia kitu." Dk. Marchetti akavua miwani. "Sikukatazi. Visanduku ni vyako. Ila unanisikia nasema nini?"

"Nakusikia, Daktari."

Alimsikia, na bado akaandika Briar Lick kwa kalamu ya wino, pale pale mbele yake.

Dk. Estill Hargis alikuwa na umri wa miaka sabini na minne, na kliniki yake ndiyo iliyokuwa peke yake katika bonde lote. Mwenye kutaka daktari mwingine alikwenda maili sitini, kwa barabara inayopinda na malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bila huruma. Ndiye aliyemshona Lorna kidevu alipoanguka kwenye ngazi za kanisa. Ndiye aliyekuwa akija nyumbani kila Jumapili mchana mama yake, Loretta, alipokuwa anakufa kwa saratani ya titi. Alikaa kando ya kitanda, akila mkate wa mahindi na maharage aliyopakuliwa, bila kuangalia saa. Na ndiye aliyekuwa akimtibu baba yake, Vernon, aliyechimba makaa miaka ishirini na sita na kutoka huko na mapafu yaliyojaa vumbi. Vernon sasa alitembea na mpira wa oksijeni puani, mashine ikivuma nyuma yake sebuleni. Lorna alipokuwa anasema anataka kuwa daktari wa familia, wenzake darasani walidhani amekosa alama za kusomea ubingwa wa moyo au wa ubongo. Hawakujua kwamba neno daktari lenyewe, kwake, lilikuwa na sura ya mtu mmoja tu.

Julai ikapita vizuri. Alihenyeka wodini kama alivyoambiwa, akapata barua nzuri kidogo, ya kusema kwamba ni mchapakazi na hana maringo. Jumapili ya mwisho ya mwezi akapakia begi lake kwenye gari akarudi milimani.

Vernon alimpokea mlangoni akiwa ameegemea fremu.

"Daktari wangu amefika," alisema, akapumzika kidogo ndipo akamalizia, "sasa nitakohoa bure."

"Usianze, Baba."

"Nimeanza zamani. Ingia ule."

Siku ya kwanza kliniki, Dk. Hargis alimkumbatia mbele ya wagonjwa wote. Alikuwa amekonda, lakini shati lake lilikuwa limepigwa pasi na mikono yake ilikuwa ile ile, mikubwa na mikavu.

"Tazameni, binti wa kwetu! Loretta hajambo?"

Watu wawili watatu wakainama wakatazama viatu vyao.

"Mama alifariki, Daktari. Miaka saba sasa."

"Najua alifariki," Dk. Hargis alisema kwa ukali kidogo, kisha akalainika. "Najua, mwanangu. Ulimi tu."

Lorna akasema moyoni, ulimi tu. Siku ya tatu alimkuta amesimama kwenye korido ya kliniki aliyoijenga mwenyewe miaka thelathini na minane iliyopita, faili mkononi, akitazama mlango mmoja baada ya mwingine. Alipomwona Lorna alicheka, akasema alikuwa anawaza. Lakini alasiri hiyo hiyo aliweka kifaa chake kwenye kifua cha mwanamume mmoja akasikia mlio wa valvu mbovu ambao Lorna hakuusikia hata alipoambiwa ni wapi pa kusikiliza. Alimfundisha kwa subira, akimshika mkono na kuusogeza. Lorna akarudi nyumbani akiwa na furaha, na lile la korido akalisukuma pembeni.

Wiki ya pili, muuguzi wa kliniki, Wilma Noble, alimvuta kwenye chumba cha dawa akafunga mlango. Wilma alikuwa na miaka sitini na miwili, na alikuwa amefanya kazi na Hargis tangu hajaota mvi.

"Umeona," alisema.

"Nimeona nini, Bi Wilma?"

"Usinifanye mjinga. Umeona kama mimi nilivyoona. Mwaka mzima sasa nasoma kila anachoandika kabla sijapiga simu famasi, walio na nakala, kuwaambia watoe dawa. Akikosea, namrudishia namwambia, Daktari, kalamu imekuteleza. Anarekebisha. Hajawahi kumdhuru mtu."

"Lakini, Bi Wilma, hili—"

"Hili nini? Kapige simu bodi ya madaktari, wamfungie. Halafu? Baba yako atakwenda kwa nani? Atapanda mlima na ile mitungi ya oksijeni?" Wilma alipunguza sauti. "Sikukuita hapa tugombane. Nakuomba unisaidie. Mimi nimechoka, na macho yangu si yale. Wewe umesoma dozi zote juzi juzi tu. Mwezi huu ukiwa hapa, pitia mafaili yake kila jioni. Ukiyapitisha wewe, mimi nitapiga simu famasi tu, watoe. Angalau mwezi mmoja nilale."

Lorna alijua jibu sahihi ni lipi. Walifundishwa mwaka wa kwanza, na walifanyia mtihani. Lakini alimfikiria baba yake. Na kama ataulizwa leo atakwambia ukweli wote: alifikiria pia barua. Dk. Hargis alikwisha mwambia, kwa kinywa chake, kwamba ataandika barua ambayo hata mawe yatamkubali. Barua ya mtu aliyemjua tangu mtoto. Huenda ikagusa moyo wa mtu mahali fulani, hata kama Dk. Marchetti hakuamini.

"Sawa," alisema. "Nitayapitia."

Na aliyapitia. Siku tano mfululizo alikaa kwenye meza ndogo nyuma ya mapokezi, akafungua faili moja baada ya jingine. Alikuta makosa mawili, yote madogo. Alimrudishia mzee, naye akashukuru akiwa hamtazami usoni. Lorna akaanza kuona kwamba Wilma hakuwa amekosea sana. Jambo hili linaendeka, alijiambia.

Jumanne ya wiki ya tatu alikuja Bi Opal Ratliff. Bi Opal alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya Briar Lick kwa miaka mingi, na hakuna mtu wa rika la Lorna ambaye hakula mkononi mwake. Sasa vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa baridi yabisi.

"Njoo nikuone, kipenzi," alimwambia Lorna. "Hee, mbona huna nyama? Huko mjini wanawalisha karatasi?"

"Karatasi tupu, Bi Opal."

"Nilijua. Kila ukinyoosha sahani nilikuwa nakuongeza, nikasema huyu wa Vernon ataruka na upepo."

Alicheka, kisha akamwonyesha daktari mikono. Asubuhi haikunjuki, alisema, hata kikombe hakishikiki. Dk. Hargis aliigeuzageuza ile mikono taratibu, akabonyeza kila kiungo, akasema wataongeza dawa kidogo. Akaandika. Lorna alikuwa chumbani muda wote huo, amesimama karibu na dirisha.

Jioni ile alikuwa na kazi yake nyingine. Maombi ya ubingwa yalidai kila mwombaji aandike maelezo ya ukurasa mmoja, aeleze kwa nini anaitaka fani aliyoichagua, na Dk. Marchetti alikuwa amemtaka amtumie kabla ya Jumatano. Lorna aliwasha kompyuta ya kliniki akaanza kuandika. Aliandika juu ya daktari wa milimani aliyekaa kando ya kitanda cha mama yake. Maneno yalimjia yenyewe, na macho yalimlowa. Mafaili kumi na manne yalikuwa pembeni ya kiwiko chake. Saa kumi na moja na nusu Wilma alichungulia, amevaa koti tayari.

"Yako sawa hayo?"

"Yako sawa," Lorna alisema, hajanyanyua kichwa. Hakuwa amefungua hata moja.

Wilma akapiga simu famasi, akawaambia watoe dawa zote.

Siku kumi baadaye, Bi Opal aliletwa kliniki na mwanawe, amefunikwa shuka kwenye kiti cha nyuma cha gari. Hakuweza kufunga mdomo. Midomo na ulimi vilikuwa vidonda vitupu, na mikononi palikuwa na madoa ya zambarau, kama mtu aliyepigwa. Alijaribu kusema kitu, mate yenye damu yakamtoka. Lorna alimfuta. Alimpima joto, akaona lilivyopanda, na wakati huo huo, kabla hajagusa faili, alijua.

Akaenda kulichukua. Bi Opal alikuwa akimeza dawa yake ya baridi yabisi mara moja kwa wiki. Ni dawa ya wiki. Ukiimeza kila siku inakula uboho, damu inakauka ndani ya mifupa. Kwenye karatasi ya Jumanne ile, kwa mwandiko wa Dk. Hargis uliotulia kabisa, paliandikwa: kila siku.

"Nilimwandikia ya wiki," Dk. Hargis alisema alipoonyeshwa. Akaishika karatasi karibu, akaisogeza mbali. "Huu si mwandiko wangu. Wilma, nani ameandika hapa?"

Wilma alikuwa tayari kwenye simu. Ambulansi ilichukua dakika hamsini kufika. Bi Opal alilazwa mjini, kwenye hospitali ile ile ambayo Lorna alifanyia kazi Julai, akaishi siku sita. Mwanawe alieleza baadaye kwamba yeye mwenyewe alimuuliza mama yake kwa nini anameza kila siku, naye akamjibu kwamba Daktari ameongeza kwa sababu vidole vimezidi. Alifurahi hata, alisema. Aliona sasa wanamtibu kweli.

Wilma na Lorna walikutana tena katika chumba kile cha dawa. Safari hii hakuna aliyefunga mlango.

"Uliniambia yako sawa," Wilma alisema.

"Sikuyafungua."

"Hukuyafungua."

"Nilikuwa naandika. Nilikuwa... Sikuyafungua, Bi Wilma."

Wilma alikaa juu ya sanduku la glavu. Alipozungumza, hakupaza sauti, na Lorna angependa kama angepaza.

"Ningeisoma mimi ningeiona. Unajua hilo? Miaka tisa sasa yule mama akija hapa namtania, 'Vipi vidonge vyako vya Jumatatu?' Miaka tisa. Mimi sijui dozi za vitabuni, lakini ya Opal naijua kama jina langu. Ningesoma hicho kikaratasi gizani ningeona."

Ilikuwa kweli. Kama Agosti angekwenda mji mwingine, kama Dk. Marchetti alivyomwambia, Wilma angekuwa na mafaili mwenyewe jioni ile.

Alimwambia baba yake usiku haujaingia, chakula kikiwa mezani. Vernon alisikiliza mpaka mwisho, mpira wa oksijeni ukipanda na kushuka juu ya mdomo wake.

"Utafanya nini?"

"Nitapiga simu bodi ya madaktari. Na chuo."

"Watamfungia."

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Sijui. Nitawaambia na yangu pia."

Vernon aliisogeza sahani. "Lorna, mimi nina miaka mingapi iliyobaki? Miwili? Mmoja? Nilikuwa nataka kuimaliza na yule mzee. Hata kama ananiita Virgil. Mwezi uliopita aliniita Virgil kutwa nzima, nikaitikia." Akapumua. "Wewe ulimwona siku ya kwanza, sivyo?"

"Siku ya kwanza."

"Na mimi niliona mwaka jana. Nikanyamaza kwa sababu yangu, na mwezi huu kwa sababu yako wewe na hiyo barua. Basi usinitazame hivyo. Piga simu yako."

Asubuhi alikwenda kwanza kwa Dk. Hargis nyumbani. Alimkuta barazani, amevaa vizuri, na siku hiyo akili yake ilikuwa safi kama kioo. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Alimkaribisha kiti. Akasema Wilma amekwisha mwambia Opal amefariki. Akasema alimzalisha watoto wake watatu, wa mwisho akimfuata kwa miguu, katika theluji, umeme umekatika.

"Daktari, leo nitapiga simu bodi."

"Najua. Ungepiga mapema zaidi."

"Ndiyo."

"Na mimi ningeacha mapema zaidi. Kuna asubuhi naamka najua kabisa kinachonipata, Lorna. Najiambia, leo naandika barua ya kufunga. Halafu nakunywa kahawa, na nikimaliza sikumbuki nilikuwa nataka kuandika nini." Alitazama mikono yake. "Nilimuua Opal Ratliff. Kesho huenda nisijue. Wewe utajua."

Lorna alilia pale barazani, naye mzee akampa leso. Alipoinuka kuondoka, Dk. Hargis alimwambia asubiri, akaingia ndani, akatoka na bahasha.

"Barua yako. Niliiandika wiki iliyopita. Sijui kama sasa ina maana, lakini niliahidi."

Aliifungua akiwa kwenye gari, chini ya mlima. Ilikuwa barua ndefu, ya mkono, na ilikuwa nzuri. Ilisema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajaona mtu mwenye moyo wa kuwastahimili wagonjwa kama huyu. Ilisema ni mvumilivu, ni mcheshi hata akiwa na maumivu, na kwamba Briar Lick yote inampenda. Ilianza hivi: Nimemjua Loretta Stidham tangu alipokuwa msichana.

Alikaa na injini ikiunguruma, barua mapajani. Kisha akatoa simu akapiga namba ya bodi.

Kliniki ilifungwa ndani ya wiki moja. Wagonjwa walikuta karatasi mlangoni. Chuo kilimwita Lorna mbele ya kamati, akaeleza yote tangu ule mwezi ulipoanza, na hakuna aliyempigia kelele, waliandika tu. Zamu yake ya Septemba, ile ya wazazi, ilifutwa kwa sababu ya uchunguzi. Hakufukuzwa. Lakini katika barua rasmi ya mkuu wa chuo, ile inayokwenda na maombi ya kila mwanafunzi, iliongezwa aya moja ya mistari saba juu ya Agosti. Dk. Marchetti alimsomea kwa sauti ili asikutane nayo peke yake.

"Nilikwambia uende mji mwingine," alisema alipomaliza, halafu papo hapo akaweka mkono mdomoni. "Samahani. Sikupaswa kusema hivyo."

"Ni kweli lakini."

"Ni kweli, na sikupaswa."

Ile insha ya kumsifu daktari wa milimani aliifuta. Aliandika nyingine fupi, isiyosisimua. Aliomba nafasi sehemu ishirini na mbili. Nne zikamwita kwa usaili. Mbili za kwanza hawakugusa mambo ya Agosti kabisa, walimuuliza anapenda kufanya nini wakati wa mapumziko, naye akajua hapo hakuna kitu. Ya tatu, mzee mmoja aliisoma ile aya mbele yake akamuuliza amejifunza nini. Lorna akasikia mdomo wake ukisema kwamba amejifunza umuhimu wa mawasiliano. Alitoka nje akijionea aibu. Ya nne ilikuwa kaskazini mwa Ohio, mji wa viwanda vilivyofungwa, na aliyemhoji alikuwa mwanamke mwenye kikohozi ambaye hakuwa na muda wa kupamba maneno.

"Ungerudi nyuma, ungeichagua Agosti hiyo hiyo?"

"Hapana," Lorna alisema. "Nisingekwenda, huyo mama angekuwa hai. Muuguzi angeisoma karatasi mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwambia iko sawa."

Yule daktari aliacha kuandika.

"Na huyo mzee angeendelea kutibu watu?"

"Angeendelea."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Mpaka mwingine."

Hawakuongea tena juu ya hilo. Walimaliza kwa kuzungumzia ratiba.

Huko Briar Lick watu hawakumtukana mtu. Kanisani hawakumhama Vernon benchi, walimsalimia kama kawaida, ila hakuna tena aliyemuuliza binti yake anaendeleaje. Watoto wa Bi Opal walipeleka madai yao kwa wakili na hawakutaka kuonana na yeyote. Vernon alipangiwa daktari mpya, kijana, ng'ambo ya mlima. Alikwenda mara mbili, na mara ya pili mtungi ulimwishia njiani kabla hajafika, akasema harudi tena. Lorna alimpigia simu kila siku. Alimbembeleza, alimfokea, alimtafutia gari la kumpeleka.

"Nimechoka na barabara, binti," alikuwa akisema. "Mapafu yangu yanajulikana. Huyo kijana atayapima kisha aniambie ni mabovu."

Januari alianza kukohoa makohozi ya kijani. Hakumwambia Lorna. Kabla ya hapo, kitu kama hicho Hargis angekisikia kwenye simu tu, angekuja na sindano zake siku hiyo hiyo. Siku ya tano jirani alimkuta ameketi kwenye kiti chake sebuleni, mashine bado inavuma. Alikuwa na miaka sitini na tatu.

Wilma Noble alikuja mazikoni. Tangu Agosti hakuwa amezungumza na Lorna. Alisimama nyuma mpaka watu wakapungua, kisha akamfuata jikoni, alikokuwa anaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi.

"Nilikuwa nakuja kumwona kila Alhamisi," Wilma alisema. "Alinikataza nisikwambie. Nilikuwa namsikiliza kifua, namkatia kucha. Alhamisi iliyopita nilikuwa na mafua yangu, nikasema nisimletee ugonjwa. Sikuja."

Lorna alifunga bomba.

"Basi na mimi nina yangu," Wilma alisema. Akachukua kitambaa, akaanza kukausha vyombo vile. Walifanya kazi hiyo mpaka kabati likajaa.

Machi, siku ya kupangiwa nafasi za ubingwa, wanafunzi wenzake walikusanyika ukumbini na wazazi wao, keki na maputo. Lorna alifungulia matokeo yake kwenye ngazi za nyuma za jengo. Alikuwa amepangiwa Ohio, kwa yule mwanamke mwenye kikohozi. Dk. Marchetti alimkumbatia, akamwambia wako wengi wenye alama nzuri kuliko zake ambao leo hawana pa kwenda. Lorna akamshukuru. Halafu akagundua kwamba hana wa kumpigia simu, akasimama na simu mkononi, na mwishowe akampigia Wilma.

"Nimepata. Tiba ya familia. Ohio."

"Mbali?"

"Saa saba kwa gari."

"Huko watu wanaumwa?"

"Sana."

"Haya." Wilma alikohoa kidogo. "Daktari amechukuliwa na binti yake, yuko Tennessee. Wanasema anakula vizuri. Anauliza kila siku kama wagonjwa wameshafika."

Lorna akasogea mbali na kelele za ukumbini.

"Na jengo lile liko vile vile," Wilma aliendelea. "Hakuna aliyelitaka. Alikuja mmoja kuliangalia, akatazama barabara, akaondoka. Utarudi wewe?"

"Bi Wilma—"

"Usiniambie utarudi kama hutarudi. Hapa tumekwisha ambiwa hivyo na wengi."

"Sijui," Lorna alisema. "Sijui kama nitaweza kuingia mle ndani."

"Hilo jibu nalikubali," Wilma alisema, akamwambia ajitunze, akakata simu.

Juni aliuza nyumba ya baba yake kwa mtu wa kampuni ya mbao, kwa bei aliyopewa. Mashine ya oksijeni ilikuja kuchukuliwa na wenyewe. Wiki iliyofuata alianza kazi wodini, kaskazini, katika mji ambao hakuna anayelijua jina la Stidham. Asubuhi ya kwanza alipewa wagonjwa sita. Akakaa mezani, akafungua faili la kwanza, akalisoma ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho, wenzake wakimngoja mlangoni na kunong'ona kwamba huyu mgeni atawachelewesha.